Kanda za Zizi

Simu ilipolia, Ardith Kolstad alikuwa jikoni mwa shule anakofanya kazi, mikono imejaa viazi vya kupondwa. Aliibana simu kati ya sikio na bega.

"Bi Kolstad? Naitwa Rosalind Beaulieu, napiga kutoka maktaba ya chuo, idara ya nyaraka. Ulituandikia zamani, ukasema likipatikana lolote la Zizi tukwambie."

"Niliandika, ndiyo."

"Basi limepatikana. Masanduku, mama. Yamejaa chumba."

Ardith aliweka mwiko chini. Wenzake walimwona akitoka kwa mlango wa nyuma bila koti, akasimama nje kwenye theluji mpaka mmoja wao akamfuata na kumrudisha ndani kwa kumshika mkono, kama mgonjwa.

Watu wa rika lake pale mjini Duluth walilijua Zizi, au walidhani wanalijua. Ilikuwa kambi ya zamani ya wakata magogo, kaskazini, ukishapita migodi ya chuma. Mchungaji Orrin Tveit aliinunua na kuijaza watu waliochoshwa na dunia. Alihubiri kwamba sanamu ya mwisho ambayo binadamu hajaivunja ni familia, na kwamba Bwana hatarudi mpaka ivunjwe. Kwa hiyo pale hapakuwa na mama wala mwana. Watoto walilala nyumba yao, wakubwa nyumba zao, na kila Pasaka watoto walinyolewa vichwa na kupewa majina mapya ili asiwepo mtu wa kumzoea mtoto kwa jina.

Jorunn, mama yake Ardith, aliingia pale baada ya mumewe kumkimbia. Alikuja na Ardith, msichana wa miaka kumi na moja, na mimba tumboni. Mtoto alizaliwa majira ya baridi ndani ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, maana ndiyo ilikuwa nyumba pekee yenye joto la kutosha. Hakuitwa mkunga, wala mtoto hakuandikishwa serikalini. Jorunn alimnong'oneza jina moja tu, Nels, kisha akamnyonyesha miezi michache, akamkabidhi kwa nyumba ya watoto. Wasichana wakubwa ndio waliowabeba wadogo. Ardith alihonga vipande vyake vya mkate, akafua nguo za wenzake, akafanya kila hila, mpaka Nels akawa mgongoni kwake yeye. Akajifunza kutembea akishika vidole vyake. Neno lake la kwanza lilikuwa "Adi", na hakuna aliyehitaji kuuliza Adi ni nani.

Mama mdogo wa Ardith, Sigrun, ndiye aliyekuja kumtoa pale. Alikwenda mahakamani, akapata karatasi, akaja na sherifu asubuhi moja barafu ikiwa inaanza kupasuka ziwani. Lakini watu wa Zizi walikuwa wamepata habari mapema. Watoto wadogo wote walikuwa wamepelekwa msituni, eti kuokota kuni. Ardith alipokuwa akivutwa kuelekea garini alipiga kelele, "Na Nels yupo! Mdogo wangu yupo!" Sherifu akamgeukia Jorunn aliyesimama mlangoni pa bwalo la chakula amekunja mikono.

"Una mtoto mwingine, mama?"

"Nina mmoja tu," Jorunn alisema. "Ndiye huyo mnamchukua."

Sherifu alikuwa na karatasi yenye jina moja. Akafunga mlango wa gari.

Miaka miwili baadaye Mchungaji Tveit alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na Zizi likasambaratika usiku mmoja. Watu walipakia magari wakatawanyika, wengine hata Kanada. Ardith alikuwa na miaka kumi na sita. Toka hapo alimtafuta Nels. Alizunguka ofisi za kaunti, makanisa, magereza, hospitali. Kila mahali alijibiwa hivyo hivyo: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kutafutwa, kwa sababu hayupo. Alitoa hata mate yake yapimwe ukoo. Wakajitokeza mabinamu wa mbali huko Norwei, wakamtumia salamu za Krismasi.

Jumamosi hiyo alikwenda maktaba. Rosalind alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi, Muojibwe wa Fond du Lac, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, na ulimi wake haukuwa na haya.

"Masharti ya hapa ni haya," alisema huku akimvutia kiti. "Kalamu ya wino hapana, kahawa hapana. Kulia ruhusa, ila usilie juu ya karatasi."

"Silii siku hizi," Ardith alisema.

"Wote husema hivyo. Leso ziko pale."

Alianza na picha. Zilikuwa mamia, na nyuma yake hazikuandikwa kitu. Watoto waliokaa juu ya magogo, watoto wanaochimba viazi, watoto waliopangwa kwa urefu mbele ya bwalo. Wote vipara, wote kanzu ya kijivu, na jua la theluji likiwakunja macho. Ardith alichukua kioo cha kukuzia akapitia sura moja moja. Alikuwa na hakika kwamba akimwona atamjua. Alimwogesha huyu mtoto, alimkata kucha, alilala naye kitanda kimoja. Ilipofika saa ya kufunga alikuwa ametenga picha za watoto wanane, na kila mmoja wao alikuwa Nels, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Nels.

"Sijui sura yake," alimwambia Rosalind, na alilisema kama mtu anayekiri kosa la jinai.

"Walinyolewa, dada. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wembe."

"Mimi si mtu wa nje. Mimi nilimlea."

 Rosalind alizikusanya picha akazirudisha kwenye bahasha zake polepole. Kisha akasema, "Zipo kanda pia. Tumeshazihamishia kwenye kompyuta. Nyingi ni mahubiri ya yule mzee, yanachosha kuliko hotuba za kodi. Lakini yapo masanduku mawili ya watoto. Sijui kama unataka."

Alitaka. Jumamosi iliyofuata alivaa spika za masikioni, Rosalind akamfungulia ya kwanza.

Kwanza kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke, safi, isiyo na haraka: "Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Kusikilizwa kwa watoto."

Ardith aliivua ile spika kama imemuunguza.

"Nini?" Rosalind aliuliza.

"Huyo ni mama yangu."

Hakuwa ameisikia sauti ile toka mlangoni pa bwalo. Alikaa, akapumua, akairudisha masikioni. Baada ya Jorunn ilikuja sauti ya Mchungaji Tveit, nzito na ya upole, ile sauti iliyowafanya watu wazima wauze nyumba zao. Aliwaita watoto mmoja mmoja, na kila mmoja alimuuliza swali moja.

"Mama yako ni nani, mwana wa Zizi?"

"Sina mama ila Zizi."

"Vizuri. Kaa. Na wewe, mama yako ni nani?"

"Sina mama ila Zizi."

Vilikuwa visauti vyembamba, vingine vyenye mafua, vikikariri mfululizo. Kisha mmoja hakukariri.

"Mama yako ni nani?"

"Adi."

Watoto wengine wakacheka. Mchungaji akasubiri kicheko kiishe. "Hakuna Adi. Mama yako ni nani?"

"Adi. Adi kaenda na gari. Atarudi."

Ardith alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Rosalind, aliyekuwa meza ya pili, aliinua kichwa, akaona uso wake, akaja akaketi karibu naye.

Ndipo akaendelea. Alisikiliza Jumapili moja baada ya nyingine, na kila moja ilifunguliwa na mama yake, akitaja siku na kusema yale yale. Jumapili iliyofuata mtoto alisema Adi. Mchungaji akaagiza apelekwe kisimani. Ardith alikuwa amewahi kupelekwa kisimani, aliyajua maji yale ya barafu waliyomwagiwa watoto wakaidi. Kanda haikuzimwa. Ilinasa mlango ukifunguliwa, ukimya, kikohozi cha mtu, mlango tena, na meno ya mtoto yanayogongana. "Mama yako ni nani?" Mtoto akasema Adi. Jumapili ya pili yake alisema Adi kwa sauti ndogo, kama anayeuliza. Halafu zikaja Jumapili ambazo hakujibu kabisa, na Mchungaji akamwacha, akapita kwa mwingine, kwa sauti ya mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Theluji ilikuwa imeanza kudondoka dirishani aliposikia ile ya mwisho.

"Jumatatu ya Pasaka," alisema Jorunn. "Kusikilizwa kwa watoto."

"Mama yako ni nani, mwana wa Zizi?"

"Sina mama ila Zizi!" Nels alisema. Alisema kwa furaha, akiipaza kama mtoto aliyeshinda mchezo. Chumba kizima kikapiga makofi. "Na Adi je?" Mchungaji aliuliza.

"Nani?"

Hakuwa anaigiza. Ardith alirudisha pale, akasikiliza tena, akarudisha tena. Aliutafuta uongo ndani ya lile neno, chembe ndogo ya ujanja, mtoto anayejificha. Haukuwepo. Mtoto aliuliza kwa sababu hakujua. Makofi yakarudiwa, Mchungaji akawapa wote majina mapya ya mwaka, na baada ya hapo zile sauti zote zilijibu vizuri na hakuna tena namna ya kumtenga mmoja na mwingine.

"Basi," Ardith alisema. "Nimemsikia akinisahau."

Rosalind alimpa leso, naye akaishika tu mkononi.

"Nani aliyeleta masanduku haya?" aliuliza baadaye, akivaa koti.

"Mtoaji hakutaka jina lake litajwe. Nimetia sahihi."

"Ni yule anayetangaza Jumapili."

Rosalind aliangalia dirishani. "Mimi siwezi kukwambia ndiyo," alisema. "Na unaona mwenyewe kwamba sikwambii hapana."

Kwamba Jorunn yu hai, Ardith alijua siku zote. Watu humletea mtu habari hata asipoziomba. Alijua kwamba alikuwa akikodi vyumba katika mji wa Hibbing, kisha kwamba amehamia nyumba ya wazee huko huko. Hakuwahi kwenda. Safari hii alikwenda kesho yake, moja kwa moja, akiwa na nguo alizolala nazo.

Alimkuta ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi mapajani, mbele yake bakuli la supu ya mchele wa mwituni ambalo hajaligusa. Alikuwa amekauka, amekuwa mdogo, lakini mgongo ulikuwa umenyooka vile vile.

"Karibu, dada," Jorunn alisema.

Zizini kila mwanamke aliitwa dada. Ardith alibaki amesimama.

"Mimi ni Ardith."

"Nimekujua. Umenenepa. Keti, dada."

"Usiniite dada. Nimezisikiliza kanda."

Uso wa mama ukachangamka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani Ardith kuuona unachangamka kwa ajili yake. "Zinasikika? Nilikuwa naogopa unyevu. Niliziweka kwenye banda la binamu miaka yote ile, kila kiangazi nazitoa nazianika kivulini. Zinasikika zote?"

"Zote."

"Hakuna iliyokatika katikati? Nilikuwa nageuza upande kwa haraka sana. Mchungaji alisema hakuna mtu mwenye mkono kama wangu."

"Mama," Ardith alisema, na lile neno lilimtoka kwa shida, "ulikuwa umekaa pale. Nels anatoka kisimani, meno yanagongana, na wewe unashika kinasa sauti."

"Nilipangiwa hiyo kazi."

"Yule alikuwa mwanao!"

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Mambo sawa humu, Bi Jorunn?"

"Sawa, mwanangu, ni dada amekuja kunitembelea," Jorunn alisema, na muuguzi akaenda zake. Jorunn alilivuta blanketi akalinyoosha mapajani. Aliponena tena sauti ilikuwa imeshuka. "Unajua nilikuwa nasubiri nini kila Jumapili? Nilikuwa nasubiri aseme Jorunn. Mara moja tu. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, namwona mpaka vinyweleo vya shingo. Anaulizwa mama yako ni nani, na mimi nauma meno, naomba, Mungu anisamehe, naomba aniangalie. Anasema Adi. Anapelekwa kisimani, anarudi, anasema Adi. Wewe umeshaondoka, uko mjini unakula aiskrimu, na yeye anasema Adi."

"Ungemwambia. Usiku mmoja ungemwambia sikioni, mimi ndiye mama yako."

"Ingekuwa dhambi."

"Na ile ya kisimani haikuwa dhambi?"

Jorunn alilisukuma kando bakuli la supu. Nje trela la magogo lilipita, kioo kikatetemeka.

"Usiku ule wa kutawanyika," Ardith alisema, "alikwenda na nani?"

"Sijui."

"Mama, nakuomba. Sikudai kingine chochote. Alipakiwa gari la nani?"

"Nakwambia sijui. Kulikuwa na giza na zogo, watoto wanatupwa magarini kama magunia, kila mwenye nafasi anachukua wawili watatu. Mimi nilikuwa na gari dogo. Nilipakia kanda na zile picha, likajaa."

Ardith aliushika mgongo wa kiti. "Ulikuwa na gari," alisema. "Ulikuwa na gari, ukajaza masanduku."

"Watoto walikuwa na watu wa kuwachukua," Jorunn alisema, akimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Kanda hakuna aliyezitaka. Ningeziacha, zingechomwa. Leo ungesikia nini?"

Ardith aliondoka bila kuaga. Hakupiga kelele wala hakuvunja kitu, ingawa njia nzima kurudi Duluth alifikiria vitu ambavyo angeweza kuvivunja. Jorunn alifariki kabla ya majira ya machipuko. Hakuwa na ndugu mwingine aliyekuwa hai, kwa hiyo nyumba ya wazee ilimpigia Ardith. Akamzika siku ya upepo, watu wakiwa yeye, kasisi wa zamu na Rosalind, aliyekuja bila kualikwa na akaleta bakuli la nyama na viazi vya kuoka.

"Sasa haki za zile kanda ni zako," Rosalind alimwambia wakila garini, joto limewashwa. "Ukitaka zifungwe, zitafungwa. Ukitaka niziweke wazi mtandaoni, nitaziweka. Ukitaka zichomwe, hapo tutagombana."

"Ziweke wazi," Ardith alisema. "Zile za watoto. Labda atajisikia mwenyewe."

Ziliwekwa. Gazeti likaandika, redio ikacheza kipande. Mwaka ule wa kwanza ziliandikwa barua pepe nyingi, karibu zote za watu wanaopenda habari za kutisha. Wanaume wachache tu walikuwa watoto wa Zizi kweli. Walipimwa, na hakuna aliyekuwa ndugu yake.

Mmoja wao, Merritt Oja, fundi bomba kutoka Thunder Bay upande wa Kanada, alikuja mwenyewe hata baada ya majibu kutoka. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono mipana na aibu ya msichana. Waliketi chumba kile kile cha maktaba. Aliomba asikilize zile Jumapili zote kwa mpangilio, akasikiliza ameinama, na alipofika ya kisima alitikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Namkumbuka huyu," alisema.

Ardith alikisogeza kiti chake.

"Tulilala naye kitanda cha ghorofa, mimi juu yeye chini. Pasaka ile aliitwa Amosi. Usiku wa kutawanyika alipanda gari la mume na mke wazee wazee, siwajui majina. Walikuwa wanakwenda magharibi. Nilitaka kwenda nao, wakasema pamejaa."

"Alikuwaje?" Ardith aliuliza. "Alikuwa analia?"

 Merritt alikuwa mtu mwema, na ilionekana anatafuta namna ya kulisema.

"Hapana, dada. Yule alikuwa mchangamfu kuliko sisi wote. Sisi wengine usiku tulikuwa na mtu wa kumlilia, hata kama jina tumelisahau. Yeye hakuwa na mtu. Alikuwa anatushangaa. Alikuwa ananiuliza, mnalilia nini?"

Ardith aliitazama meza. Miaka yote alimwona Nels mahali fulani duniani akimtafuta kama yeye anavyomtafuta, watu wawili waliopotezana kwenye umati. Sasa alimwona mwanaume wa makamo katika mji wa magharibi, anaosha gari lake, anaitwa kula, hana habari kwamba kuna kitu kimepungua. Mtu wa namna hiyo hafungui kanda za Zizi. Hapimi mate. Hata akiisikia ile redio ataibadilisha.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Merritt aliikunja kofia yake, akaikunjua. "Naomba na mimi nikuulize. Ulikuwepo pale kabla hawajakutoa. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka minne hivi, mitano. Nilikuwa na kigugumizi. Nilikuwa nakojoa kitandani, wananitandikia majani. Hunikumbuki? Labda ulijua nilikuja na nani."

Ardith alimtazama. Aliyapitia yale macho ya kijivu, ile pua, akairudisha akilini nyumba ya watoto, vitanda, vipara, harufu ya sabuni ya magadi. Alimtafuta kwa nguvu zake zote. Katika nyumba ile yote, kumbukumbu yake ilikuwa na mtoto mmoja.

"Hapana," alisema. "Nisamehe."

"Si kitu," Merritt alisema, akainuka, akaanza kufunga vifungo vya koti.